Taa ya injini inawaka kwenye Mark II ya 1990, mashine haina pa kuchomekwa. Naomba ushauri

Mtoto wa Wete

Assalaam alaykum. Naomba msaada wenu kwa gari ya marehemu baba. Ni Toyota Mark II GX81 ya 1990, injini 1G-FE, silinda sita, gia za otomatiki. Baba kaiendesha Wete na Chake tangu mimi sijaanza skuli, na sitaki kuiuza wala kuipandisha juu ya matofali.

Tangu mvua za masika taa ya injini inawaka, inazima, kesho inawaka tena. Siku nyengine asubuhi inagoma kuwaka mpaka betri inataka kuisha. Siku nyengine inawaka vizuri lakini inatoa moshi mweusi na kunywa petroli vibaya sana. Fundi alikuja na mashine yake ya kupimia, akatafuta chini ya usukani pa kuichomeka, hakupaona. Akasema basi kontroli boksi imekufa, nitafute ya mtumba Unguja. Bei aliyonitajia inakaribia mshahara wangu wa miezi miwili. Kwani gari za umri huu hazisomeki kabisa?

Umeme wa Gari, Fuoni

Waalaykum salaam. Mola amrehemu mzee. Hiyo pesa usiitoe kwanza.

Mashine ile ni ya OBD2, mfumo wa kusoma makosa ya gari mpya zaidi. Marekani waliilazimisha kwa gari za mwaka 1996 kuendelea, na yako imetoka Japani miaka sita kabla. Kompyuta ya gari yako, ndiyo hiyo kontroli boksi, inasema kwa kupepesa ile ile taa inayokusumbua.

Fungua boneti utafute kiboksi cha plastiki kilichoandikwa DIAGNOSIS. Nyuma ya kifuniko chake mna mchoro wenye majina ya matundu. Unataka mawili tu: TE1 na E1. Chukua kipande cha waya, chuna ncha zote mbili, uyaunganishe. Zima AC, gia iwe N, mguu uwe mbali na pedali ya mafuta. Washa swichi bila kupiga stata, halafu tazama taa.

Ikipepesa haraka haraka na sawasawa bila kupumzika, hamna kosa lililohifadhiwa. Ikiwa lipo, itapepesa tarakimu ya kwanza, itulie kama sekunde moja na nusu, ipepese ya pili. Yaani mara 4, kimya, mara 1, hiyo ni 41. Makosa yakiwa zaidi ya moja, yanatoka kuanzia namba ndogo kwenda kubwa, kisha yanarudia.

Nakusihi usome mchoro mara mbili kabla ya kuingiza waya. Mle ndani mna tundu la +B lenye umeme wa betri. Ukiliunganisha na E1 utaunguza fyuzi au waya wenyewe.

Mwana Machomane

Kaka, mweke mtu pembeni aandike, wewe hesabu kwa sauti. Mimi peke yangu nilipotea kila mara, mpaka mdogo wangu aliponishikia kalamu.

Mtoto wa Wete

Nimeifanya baada ya laasiri, mke wangu anaandika. Inasema 22, halafu 51. Tumerudia mara tatu, hazibadiliki.

Umeme wa Gari, Fuoni

51 huja ukiacha AC imewashwa au ukigusa pedali. Hebu angalia tena kitufe cha AC.

22 ndiyo yenyewe: saketi, yaani njia nzima ya umeme, ya sensa ya joto la maji ya injini. Tafadhali shika neno saketi. Kompyuta haijui kama imekufa sensa, soketi au waya. Inachojua ni kwamba habari inayopata haiingii akilini.

Na moshi wako unaingia hapo hapo. Sensa hii ukinzani wake, yaani inavyozuia umeme, unashuka kadiri maji yanavyopata moto: kwenye nyuzi 20 ni kati ya ohm 2,000 na 3,000, kwenye nyuzi 80 ni kati ya 200 na 400. Soketi ikiota kutu ukinzani unapanda, kompyuta inadhani injini bado baridi, inamwaga petroli. Mawasiliano yakikatika kabisa inawasha taa na kuchukulia kuwa maji yako nyuzi 80. Sasa asubuhi injini ni baridi kweli, na mafuta ya ziada ya kuwakia haipati. Ugonjwa mmoja, sura mbili.

Pima ukinzani wa sensa kwa multimita kabla hujanunua chochote.

Baharia Mkoani

Angalia sana usipime sensa siyo. Ya waya mmoja ni ya mshale wa dashibodi. Ya kompyuta ina pini mbili. Mimi nilibadilisha ya mshale, pesa ikaenda, taa ikabaki. Na kwetu huku upepo wa bahari una chumvi, ukiona soketi imefanya ukijani usishangae.

Mtoto wa Wete

AC ilikuwa imewashwa kweli, 51 imeondoka. Leo alfajiri, injini baridi, sensa imesoma ohm 1,900. Baada ya kuiwasha ikapata moto, ohm 310. Kumbe sensa nzima! Nikavuta soketi: pini moja kijani tupu, na ndani ya mpira waya umeliwa, zimebaki nyuzi mbili. Fundi umeme wa hapa mtaani kakata sehemu iliyooza na kuunga soketi ya mtumba. Nikachomoa fyuzi ya EFI, ya mfumo wa kuingiza petroli, kwa dakika moja kufuta kumbukumbu, nikairudisha. Leo siku ya tano, taa haijawaka, na asubuhi inashika kwa stata moja. Jana nilimpeleka mama Chake. Njia nzima alikuwa kimya, tulipofika akaniambia mlio ni ule ule wa zamani. Mungu awalipe kheri nyote.

Kijana Mwanakwerekwe

Samahani kwa kuingilia. Yangu ni Corolla ya 1991, nimeunganisha TE1 na E1, inapepesa haraka bila kupumzika, lakini ikipanda kilima inakatakata. Nibadilishe sensa gani?

Umeme wa Gari, Fuoni

Usibadilishe hata moja, yakhe. Kompyuta haioni kosa la umeme. Anza na plagi, waya za plagi na kifuniko cha distributa, kisha filta ya petroli. Ilibadilishwa lini mara ya mwisho?