Naomba ushauri: Kisumu hadi Namugongo kwa miguu, peke yangu

Nyar Kano
Hamjambo wadau. Nimesoma nyuzi zenu muda mrefu bila kuandika chochote, lakini leo imebidi.

Mimi ni mama wa miaka 47, nauza vitambaa soko la Kibuye. Nataka kwenda Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni, kwa miguu kutoka hapa Kisumu. Sitaki kampuni za kupanga safari za hija, na kikundi cha parokia pia sitaki. Nimepiga hesabu: Kisumu hadi Busia ni karibu kilomita 110, na kutoka Busia hadi Namugongo zinakaribia 200. Nikitembea kama kilomita 24 kwa siku na kuondoka tarehe 19 Mei, nafika kabla ya mkesha, hata nikipumzika siku moja Jinja.

Kadi ya homa ya manjano ninayo. Viatu nimenunua, vya raba, soli nene. Busia nina binamu, Iganga nina mteja wangu wa zamani atakayenipokea. Ninachouliza ni hiki: kati ya Busia na Iganga mtu hulala wapi? Na kati ya Jinja na Mukono? Kitambulisho kinatosha mpakani?

Jumapili ya wiki iliyopita nilifanya mazoezi, nikatembea hadi Maseno, nikarudi kwa matatu. Sikusikia maumivu hata kidogo. Kwa hivyo mwili uko tayari, ni hiyo njia tu inayoninyima usingizi.

Dereva wa Trela
Mama, hiyo barabara naijua nje ndani. Tembea upande wa kulia ili magari uyaone yakija usoni. Kenya na Uganda wote tunaendesha kushoto, kwa hivyo ukivuka mpaka usibadilishe. Nunua ile jaketi ya kung'aa ya watu wa bodaboda, uivae hata mchana, maana mwezi wa tano mvua ikishuka sisi tulio juu hatukuoni kabisa.

Msitu wa Mabira, ukishatoka Jinja kuelekea Lugazi, uingie asubuhi. Ikifika saa tisa alasiri na hujaingia, lala hapo ulipo. Mle ndani trela zinapishana kwa shida na hakuna pa kukimbilia isipokuwa mtaroni.

Kabla ya Iganga, lala Naluwerere, karibu na Bugiri. Ni kituo chetu sisi wa malori, kelele hazikosi, lakini vyumba viko. Niliwahi kukwama upande huo siku mbili, gurudumu limepasuka na tajiri hapokei simu. Kuna bibi mmoja aliniletea muhogo wa kuchemsha kwenye jani la mgomba, asubuhi na jioni, hata jina langu hakuniuliza. Kila nikipita pale napiga honi. Mwaka juzi niliteremka kumtafuta, nikaambiwa ameshazikwa. Bado napiga honi.

Mzee wa Bumala
Mwanangu, hija hailiwi haraka. Mimi nilikwenda 2014, mwaka ambao mashahidi walitimiza miaka 50 tangu Papa Paulo VI awatangaze watakatifu, Oktoba 1964. Tulikuwa kikundi, na tulilala kwenye madarasa ya shule na kumbi za parokia. Usiku tulisali rozari huku tukikandana miguu kwa maji ya chumvi. Siku ya sita nilikaa chini kando ya barabara nikasema mimi basi. Kijana wa kwaya aliubeba mzigo wangu hadi jioni bila kunisemesha neno.

Ndiyo maana nakuuliza: kwa nini peke yako? Ukianguka, nani ataubeba mzigo wako? Upande wetu huu pa kulala hapakosi, Maseno, Yala, Ugunja, hadi hapa kwetu Bumala. Bisha hodi parokiani mapema, usingoje giza. Lakini swali langu naomba ulijibu.

Kipusa wa Milimani
Njia nitawaachia wazee, mimi ni wa chakula. Ukifika Namawojjolo, kabla ya Mukono, utazingirwa na vijana wenye kuku wa kuchoma kwenye vijiti na gonja za moto, zile ndizi za kuchoma. Hapo hata nadhiri ya kufunga huvunjika! Na rolex ya asubuhi, chapati na mayai, itakupeleka hadi saa nane.

Kuhusu mpaka: kitambulisho cha Kenya kinatosha, imekuwa hivyo tangu 2014. Kadi ya manjano ukishachanjwa huanza kufanya kazi baada ya siku kumi, na ni ya maisha.

Mwana wa Mumias
Naona mnasema mashahidi kama ni wa Wakatoliki peke yao. Wako 45 wanaokumbukwa: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Na sisi wa huku magharibi tuna sehemu yetu katika habari hiyo. Askofu James Hannington alipita hapa Mumias, Oktoba 1885, akitembea kutoka pwani. Alivuka kwenda Busoga, na tarehe 29 mwezi huo huo akauawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, kosa lake likiwa kuja kwa mlango wa mashariki. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mmoja wa mashahidi hao, alipomkemea Kabaka kwa kifo hicho, naye akauawa Novemba. Kwa hivyo mama, ukivuka Busia ujue unaingia kwa mlango ule ule. Ukifika Namugongo pita na kwa Waanglikana, si mbali na basilika.

Nyar Kano
Asanteni sana, nimeandika yote kwenye daftari langu la madeni. Dereva, Mungu amweke pema huyo bibi.

Mzee wangu, swali nimelisikia. Kikundi kina masharti mengi, na nadhiri hii ni yangu mimi. Kitinda mimba wangu alilazwa wiki tatu, homa ya uti wa mgongo, akiwa na miaka tisa. Usiku mmoja madaktari walikuwa wamenyamaza, na mnajua daktari akinyamaza maana yake nini. Nilishika reli ya kitanda nikasema: akitoka hapa kwa miguu yake, mimi nitakwenda Namugongo kwa miguu yangu. Alitoka kwa miguu yake. Sasa yuko kidato cha tatu, anacheza winga. Mimi bado nadaiwa.

Mkono Mtupu
Samahani, lakini hii hadithi mimi naiona imetungwa. Akaunti ina siku tatu. Mtu anayeshinda amekaa kwenye kibanda anatembea Kisumu hadi Maseno, zaidi ya kilomita ishirini, na sehemu kubwa ni kupanda, kwa viatu vipya, halafu "sikusikia maumivu hata kidogo"? Mimi nina miaka 30, nacheza mpira kila Jumamosi, na mwendo wa namna hiyo ulinilaza siku mbili. Sasa ameingia mtoto hospitalini. Ngojeni, kesho itawekwa nambari ya kutuma mchango.

Dereva wa Trela
Hata mimi hapo kwa maumivu nilishtuka kidogo, ila nilinyamaza kwa heshima.

Kipusa wa Milimani
Jamani, hajaomba hata senti. Ameuliza pa kulala!

Muuguzi wa Zamu
Mkono Mtupu, umeona kitu sahihi ukakipa maana isiyo yake. Miguu ambayo haiumi baada ya kilomita ishirini na kitu kwa viatu vipya ipo, mimi naiona kila wiki.

Dada Nyar Kano, kama hutaki kunijibu hapa hadharani, sawa. Lakini nauliza. Una sukari? Nyayo zina ganzi? Na hayo masharti ya kikundi, mojawapo ni barua ya daktari?

Nyar Kano
Nimekaa na simu hii tangu mchana.

Ndiyo. Nina kisukari mwaka wa kumi na moja sasa, natumia sindano asubuhi na jioni. Kikundi kinataka barua ya daktari, na barua najua sitapewa. Mwaka jana niliomba nikaambiwa tutaona. Mwaka huu sikuomba tena.

Na kwa huyo ndugu anayesema nimetunga, nitakueleza ya Maseno yote. Nilipofika Lela nilianza kutetemeka na jasho baridi likanitoka, nikanunua soda nikainywa nimesimama, ikapita. Nilifika Maseno nimefurahi. Nyumbani mwanangu ndiye aliyesema, "Mama, umekanyaga nini?" Kulikuwa na alama nyekundu sakafuni kutoka mlangoni hadi kwenye kiti. Nikavua kiatu. Mle ndani mlikuwa na pini, zile za kichwa cheupe ninazobania vitambaa dukani. Ilikuwa imetoboa soli ya ndani na kuegemea, na ncha yake iko chini ya kidole gumba. Kile kichwa cheupe kilikuwa kimegeuka rangi ya kutu. Nilitembea nayo njia nzima. Ndugu yangu, sikusema uwongo. Sikusikia.

Lakini nimekwisha kupanga kila kitu. Duka nimempata wa kuliangalia, binamu amejua, leso ya Mama Maria nimeshona. Na Mzee wangu atanisaidia hapa: Karoli Lwanga, shahidi wetu, ile tarehe 3 Juni 1886, walimchoma polepole kuanzia miguuni. Mimi nirudi nyuma kwa sababu ya ganzi?

Muuguzi wa Zamu
Karoli Lwanga alisikia, dada. Wewe husikii. Hapo ndipo shida yangu ilipo.

Sikukatazi Namugongo. Nakuuliza kile kidonda cha pini, leo ni siku ya ngapi? Kimefunga?

Nyar Kano
Ya kumi. Hakijafunga vizuri. Pembeni pana weupe. Hakiumi.

Muuguzi wa Zamu
Kesho asubuhi uende kliniki. Kabla hujafungua duka. Usiloweshe mguu kwenye maji ya chumvi (Mzee, unisamehe, kwa mwenye sukari hiyo ni hatari), usitumie maji ya moto, wala usikwangue huo weupe. Usivae tena hivyo viatu.

Na tangu leo hadi mwisho wa maisha yako, uende hija usiende: kabla ya kuvaa kiatu, kikung'ute, kisha ingiza mkono mpaka mbele upapase. Jioni weka kioo cha mkononi sakafuni uangalie nyayo, au mtoto akuangalie. Lile tetemeko la Lela ni sukari kushuka, kwa sababu mwendo mrefu huila sukari na sindano nayo inaendelea kuishusha. Safari hii ulikuwa karibu na duka la soda. Ungekuwa katikati ya Mabira je?

Mkono Mtupu
Naomba radhi, mama. Kwa dhati. Baba yangu alianza na kidole kimoja, cha kiatu cha plastiki kilichombana akienda mazishi. Alificha mwezi mzima ili tusimzuie kwenda shambani. Walikata chini ya goti. Nilipaswa kuwa mtu wa kwanza kutambua ulichoandika, lakini nikaona uwongo.

Katekista Mstaafu
Nimesoma kimya, sasa niseme la upande wangu. Binti, nadhiri yako ni ya mtu binafsi, na Sheria ya Kanisa haikukufungia mlango. Paroko wako ana uwezo wa kukuondolea nadhiri ya namna hiyo au kuibadilisha iwe tendo lingine, kukiwa na sababu ya haki. Hiyo si kumdhulumu Mungu. Mtu akidaiwa na asifiche shida yake, mdai humsikiliza. Je, Padre amejua?

Nyar Kano
Padre hajajua chochote. Niliogopa atasema nipande basi. Nikipanda basi nitakuwa nimelipa nini? Yule mtoto hakupanda kiti cha magurudumu siku ile, alikataa, alitembea mwenyewe kutoka wodini hadi getini. Mimi nilikuwa nyuma yake nahesabu hatua.

Mzee wa Bumala
Mwanangu, mwambie Padre hayo hayo uliyotuambia, na ile pini umwonyeshe. Akikubali utembee hata kipande, kwa mfano kutoka Kireka hadi basilika, mimi nitakuja Busia tupande gari pamoja hadi hapo tuteremke. Nina miaka 68, mwendo wangu ni wa kinyonga, na mzigo wako nitaubeba. Kwa jina la yule kijana wa kwaya.

Dereva wa Trela
Na mimi nikiwa njiani wiki hiyo nitawapisha kwa honi.

Nyar Kano
Nimerudi, ni siku ya pili sasa. Nilikwenda kliniki.

Wamekisafisha, kilikuwa kimechimba ndani kuliko kilivyoonekana. Nimepewa dawa, nabadilishiwa bendeji kila siku mbili. Kisha yule muuguzi akatoa kijiti chenye kiuzi cha nailoni, akasema nifumbe macho, kila akinigusa chini ya wayo niseme ndiyo. Nikafumba. Nikawa nangoja aanze. Nilipoona anachelewa nikafumbua, kumbe mguu wa kushoto alikuwa ameumaliza na yuko katikati ya wa kulia.

Kuondoka tarehe 19 hawajaniruhusu. Wamesema kidonda kwanza, hayo mengine baadaye. Padre nitamwona kesho baada ya misa ya asubuhi, nitakwenda na mwanangu. Pini ninayo, nimeifunga kwenye karatasi.

Mzee wangu, kutoka Kireka hadi basilika ni mwendo wa saa ngapi kwa hatua zako?