Tupeane uzoefu: uliyewahi kupiga pedali pwani, Bagamoyo mpaka Tanga, yalikukuta yapi?

Msafiri Tairi Mbili
Wakuu habarini. Juzi nilikuwa Bweni nasubiri kivuko nivuke kwenda Pangani mjini, mara akatokea kijana na baiskeli, mabegi mbele na nyuma, vumbi jekundu mpaka magotini, akashuka akajitupa kwenye kivuli hata baiskeli hakuiegesha. Nikacheka peke yangu maana 2016 nilikuwa mimi yule. Nilitoka Dar vizuri tu, nikalala Bagamoyo, asubuhi nikapita Kaole kuangalia yale magofu ya msikiti wa karne ya 13 na ule mbuyu ambao wanasema ukiuzunguka unaongeza umri. Nikazunguka mara tatu. Kufika mchana kwenye mchanga baada ya Makurunge umri wote niliouongeza ukawa umeisha na wa kwangu ukaanza kuliwa. Haya tiririkeni, nani mwingine yalimkuta?

Mama Keria
Mchanga wa Makurunge 😂😂 umenikumbusha mbali sana wewe kaka.

Fundi Njiti
Mchanga si kitu, mbigili ndo baba lao. Mimi siku moja pancha 7, SABA, na si kwamba nilipita porini, ni pembeni ya barabara tu nilipowapisha malori. Kufika ya tano solusheni imekauka kwenye tyubu yake, nikawa natoa upepo tu kwa mdomo kwa hasira. Ya sita nikang'oa tyubu nikajaza majani ndani ya tairi nikalikanyaga likashikana, nikaendesha hivyo kama kilomita 8 huku linadunda dugu dugu dugu watoto wananikimbiza. Mzee mmoja chini ya mwembe ndo aliniokoa, ana kile kibano cha kuchomea kiraka kwa moto, akachoma vyote na kila mwiba akawa anauweka kwenye kifuniko cha soda ananihesabia. Miiba hiyo bado ninayo.

Nahodha Mstaafu
Vijana mnateseka kwa kutouliza upepo. Anayetoka Dar kwenda Tanga aende na kusi, Juni mpaka Agosti, linamsukuma mgongoni. Kaskazi likianza, Desemba huko, basi geuza, anzia Tanga ushuke. Wazee wetu walikwenda na kurudi hivyo hivyo.

Fundi Njiti
Shikamoo mzee, lakini hizo ni hesabu za jahazi. Kusi nimeendesha nalo, linatokea baharini mkono wa kulia, linakupiga ubavu unayumba kama mlevi. Baiskeli haina tanga mzee wangu.

Nahodha Mstaafu
Marahaba. Ndiyo maana Tanga hukufika.

Mama Keria
😂😂😂 nimekufa

Mvita Hadi Malindi
Nyinyi Wabongo mnajitesa bure. Njooni huku kwetu Mombasa mpaka Malindi, lami mwanzo mwisho, unapita Mtwapa, Kilifi, unaingia Gede kuona mji wa kale ndani ya msitu, unamalizia kwenye mnara wa Vasco da Gama, jioni uko baharini waogelea.

Bin Tongoni
Lami na matatu zinakukwaruza sikio, hiyo asante. Na huyo Vasco usituringie, kwenu aliacha mnara kwetu aliacha meli. São Rafael ilikwama kwenye mafungu ya huku 1498 wakati wanapanda, wakati wa kurudi 1499 wakaichoma kwa sababu mabaharia walishapungua. Ukitoka Pangani kwenda Tanga simama pale Tongoni, makaburi ya mawe na nguzo zake yako pale, msikiti umebaki kuta, bahari iko nyuma unaisikia. Mimi nilikaa saa zima, nikala chapati yangu, sikuona mtu.

Mvita Hadi Malindi
Meli iliyochomwa ndiyo unajivunia? Haya.

Mchovu wa Bamvua
Nimesoma nikasema nipite kimya lakini nimeshindwa. Mambo ya mbigili na upepo ni mambo madogo jamani. Mimi na rafiki yangu tulilala Mkwaja, asubuhi kuna mtu akatuambia nyie mnahangaika na barabara ya nini, shukeni ufukweni, maji yakipwa mchanga ni lami. Na kweli, tumeshuka saa nne asubuhi maji yako mbali hata huyaoni vizuri, mchanga mgumu, tairi linaacha mstari tu, tukaendesha tunaimba. Nasema kweli sijawahi kufurahi na baiskeli kama lile saa la kwanza. Shida rafiki yangu, kila mnazi picha, kila ngalawa picha, halafu akapata madafu akanywa matatu akasema alale kidogo. Kuamka saa saba na nusu. Tukaendelea, mara naona mchanga unakuwa mwembamba, kushoto mikoko kulia maji, nikasema tukaze. Tukafika kwenye kijito, asubuhi nadhani kilikuwa cha kuruka tu, saa hizo maji yanaingia kwa nguvu KUTOKA BAHARINI kwenda juu, kitu sikuwahi kuona. Nikabeba yangu kichwani nikaingia, ikawa kiuno, ikawa kifua, nikavuka. Kugeuka, jamaa katikati, baiskeli yake ina hema na sufuria na kila kitu, mkondo umeishika kama mtu anamnyang'anya. Nikapiga kelele ACHIA. Akaachia. Ikazama tukiiangalia.

Hakuna pa kwenda, nyuma maji mbele maji, tukapanda kwenye mizizi ya mikoko mimi huku yeye kule ng'ambo, tunaongea kwa kupayuka. Tulikaa hivyo tangu saa nane mpaka usiku saa mbili, mbu sitaki hata kusema. Mwezi ukatoka, mpevu, mkubwa kama sinia, maji yakaanza kuondoka polepole, kitu cha kwanza kuchomoza ni usukani wa baiskeli. Iko pale pale imelala kwenye tope, na kwenye kikapu cha mbele kuna kaa koko amekaa kabisa kama abiria. Mara tunaona karabai inakuja, mvuvi, akatumulika, akaiangalia baiskeli, akatuangalia, akasema "Nyie mnavua kwa baiskeli?"

Fundi Njiti
Chai hii. Imekosa sukari tu.

Mchovu wa Bamvua
Amini usiamini. Wewe fundi unajua maji ya chumvi, kesho yake mnyororo una kutu rangi ya chungwa na gololi zinasaga kama mtu anatafuna mchanga. Tulifungua zote tukaosha kwa maji baridi ya kisima, tukapaka grisi ya trekta.

Nahodha Mstaafu
Si chai. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanapwa mbali saa nne saa tano hivi asubuhi, na yaliyokwenda mbali ndiyo yanarudi juu sana, yanachukua kama saa sita, saa kumi jioni yameshapanda mpaka kwenye minazi. Aliyewaambia mshuke aliwaambia nusu.

Mama Keria
Na sisi tunaolalamika tukumbuke akina Chuma na Susi, walibeba maiti ya Livingstone kwa miguu toka kule Chitambo, Zambia ya leo, mpaka Bagamoyo, miezi tisa, wakafika Februari 1874. Mimi tako liliniuma siku mbili nikapanda basi 🙈

Bin Tongoni
Dada, tako dawa yake mafuta ya mgando, paka kabla ya safari usisubiri kidonda. Na kwenye mchanga punguza upepo kwenye tairi.

Fundi Njiti
Usipunguze! Jiwe moja tu rimu imekwenda. Shuka ukokote, aibu ya nini. Na madafu ni moja kwa siku, mmeona ya mwenzetu.

Bin Tongoni
Mimi hunywa manne, sijawahi kulala.

Msafiri Tairi Mbili
Uzi umetekwa na kaa 😂. Nataka kurudia safari Julai na hilo kusi la mzee, sisi watatu mpaka sasa. Mchovu unakuja?

Mchovu wa Bamvua
Nitakuja na basi niwapokee Tanga. Rafiki yangu hata msimtajie, baiskeli aliiuza wiki ile ile na hema lenye tope lake.

Mama Keria
Swali la mwisho kaka, yule kaa mlimfanyaje?

Mchovu wa Bamvua
Mvuvi alimchemsha kwenye sufuria ya rafiki yangu. Hakuhitaji chumvi.