Wanafunzi wangu wa kidato cha pili hawafungui mdomo kipindi cha Kiingereza, nifanyeje?

Mwl_Ujiji:
Habari zenu wakuu. Nafundisha Kiingereza shule ya kata hapa Kigoma. Mkondo mmoja una wanafunzi zaidi ya 60, wa miaka 14 hadi 16. Kunakili ubaoni hawana shida, lakini ukimwambia mtu asimame aseme sentensi moja, anaangalia sakafu. Wiki hii kijana mmoja alikwama kwenye neno wakati anasoma, darasa zima likaangua kicheko. Akakaa, akajifunika uso kwa daftari mpaka kengele ikalia. Hawa ni watoto wenye akili. Nje ya darasa wanatoka kwenye Kiha kuingia Kiswahili bila kufikiri. Upimaji wa kidato cha pili unakuja, na kuna wenzangu wanashauri turudishe kibao cha shingoni kwa atakayeongea Kiswahili. Naombeni ushauri.

Kibirizi_One:
Kibao kirudi. Sisi tulisoma hivyo na tumefika.

Bint_Kasulu:
@Kibirizi_One mimi nilikivaa. Nilijifunza kunyamaza kutwa nzima ili nisivishwe tena. Mwalimu, usikiguse.

Mwl_Mstaafu:
Pole mwalimu. Mimi naona hapo kinachowafunga ni kicheko. Umri huo mtoto yuko radhi apate sifuri kuliko kuchekwa mbele ya wenzake, hasa wavulana na wasichana wakiwa pamoja. Kwa hiyo usimsimamishe mtu peke yake mwanzoni. Waache waongee wawili wawili kwenye dawati dakika tatu, wote kwa pamoja. Darasa litakuwa na kelele, vumilia. Wewe pita katikati, sikiliza, na usimkatize mtu kumsahihisha. Makosa uliyoyasikia yaandike ubaoni mwishoni bila kutaja jina, wayarekebishe pamoja.

Halafu wape cha kusema. Mada za vitabuni nyingi haziwahusu. Darasani kwako hawakosi watoto wa wavuvi. Waulize kwa nini mwezi ukiwa mpevu mitumbwi ya dagaa haitoki. Watakueleza kwamba dagaa hufuata taa, na mbalamwezi ikitapakaa ziwani taa haivuti kitu. Huyo aliyejifunika daftari huenda analijua hilo kuliko wewe, na mtu anayejua jambo hutamani kulieleza.

Mwl_Ujiji:
Asante sana mzee wangu. Ila wakikosa maneno watarudi kwenye Kiswahili palepale.

Mwl_Mstaafu:
Warudi. Wapange mawazo kwa Kiswahili, hata Kiha, kisha waseme kwa Kiingereza. Hawa wamesoma kwa Kiswahili darasa la kwanza hadi la saba, halafu kidato cha kwanza karibu kila somo likageuka. Waandikie ubaoni maneno kumi na vianzio vitatu vya sentensi, wasianze na mikono mitupu.

Mama_Zawadi:
Naongea kama mzazi. Binti yangu alikuwa hivyohivyo. Mwalimu wake aliwapa kisa cha meli ya Liemba: Wajerumani waliitengeneza, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini. Kila mtoto akatumwa nyumbani akamuulize mzee aliyewahi kuipanda, kisha aje asimulie kwa Kiingereza. Alinisumbua jioni nzima nimwambie bibi yake alisafiri na mizigo gani hadi Kasanga!

Bint_Kasulu:
Na hilo la kucheka lisemeni wazi. Wao wenyewe watunge sheria yake na kuibandika ukutani. Ukiitunga wewe wataivunja.

Mwl_Ujiji:
Nimewaelewa wakuu. Kesho nina vipindi viwili mfululizo, naanza na dagaa. Mzee, vile vianzio vitatu, wewe ungeandika vipi?

Mwl_Mstaafu:
Kimoja cha "kwanza tunafanya hivi", kimoja cha "kwa sababu", kimoja cha "lakini mwezi ukiwa mpevu". Viandike kwa Kiingereza chepesi, uviache ubaoni vipindi vyote viwili. Na wale wa dawati la nyuma wafuate kulekule waliko, usiwaite mbele.