Je, kanisa letu la Kibaptisti la Urambo lilianza mwaka 1879?

Mwanakamati wa Urambo
Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Kamati yetu inaandaa kijitabu cha historia ya kanisa letu hapa Urambo, na tumekwama ukurasa wa kwanza. Mzee mmoja tunayemheshimu sana anashikilia kwamba mwanzo wetu ni mwaka 1879, Dokta Ebenezer Southon alipofika kwa Mtemi Mirambo na kupewa mahali pa kujenga misheni. Vijana wanajibu kwamba daftari letu la ubatizo, ambalo jalada lake limeliwa na mchwa lakini kurasa zake zinasomeka, halina hata jina moja la kabla ya uhuru. Je, tunaweza kumwita Southon mwanzilishi wetu bila kusema uongo?

Mzee wa Reli, Tabora
Asifiwe, mwanangu. Hamwezi. Southon alitumwa na Chama cha Misheni cha London, kilichoanzishwa mwaka 1795 na ambacho kwa sehemu kubwa kilikuwa cha Wakongregesheni, watu wanaobatiza watoto wachanga. Sisi Wabaptisti tunasubiri mtu aamini kwanza, kisha tunampeleka kwenye maji mengi. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1882 kutokana na jeraha la risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya, na Mirambo akamfuata mwaka 1884. Kituo kiliendelea kwa shida hadi mwaka 1898, kilipokabidhiwa kwa Wamoravian. Kwa hiyo, kama yupo mwenye haki ya kumwita Southon babu, ni jirani zenu wa Moravian, nao wakisoma kijitabu chenu watacheka.

Msomaji wa Kale
Shikamoo Mzee. Nakubaliana nawe, ila ningependa tusimvunjie heshima yule mzee wa Urambo, kwa sababu upo uzi mwembamba unaoweza kuwa chanzo cha simulizi lake. Tajiri mmoja wa Leeds, Robert Arthington, aliyeishi kwa kujinyima kama fukara, alitoa pauni 5,000 ili Chama cha London kifike Ziwa Tanganyika, na pia akatoa pauni 1,000 ili Wabaptisti wa Uingereza waingie Kongo. Mfuko ulikuwa mmoja, lakini makanisa yalikuwa mawili. Wabaptisti hao walishika njia ya mto Kongo upande wa magharibi, hawakuja kwetu. Waliokuja Tanganyika ni Wabaptisti wa Kusini mwa Marekani, mwaka 1956, na baadhi yao walihamishwa kutoka Nigeria walikokuwa wakifanya kazi. Kijitabu kikiwataja, kiseme pia kwamba jumuiya yao ilizaliwa mwaka 1845 katika mgogoro wa utumwa, na kwamba iliomba radhi mwaka 1995. Kwa mji uliopitiwa na misafara ya watumwa ya Ujiji, jambo hilo si dogo.

Binti Ulyankulu
Shikamooni wazee wangu. Mnazungumza kana kwamba Ubaptisti ulifika Tabora kwa meli za Wazungu tu. Wabaptisti wa Denmark walianza kazi Burundi mwaka 1928, na wazazi wetu walipokimbia mauaji ya mwaka 1972 wakaletwa Ulyankulu, baadhi yao walikuwa wamekwisha kubatizwa huko. Bibi yangu alifika na sufuria, mtoto mgongoni na kitabu cha nyimbo cha Kirundi. Walisali chini ya mti kabla ya kumwona mchungaji yeyote. Ndugu Mwanakamati, je, daftari lenu linaonyesha watu walitoka wapi?

Mwanakamati wa Urambo
Nawashukuru nyote. Dada, swali lako limenirudisha kwenye daftari jana jioni, na nakiri kwamba siku zote nilikuwa nikisoma majina na tarehe tu. Ukurasa wa kwanza una watu kumi na mmoja, wameandikwa kwa wino wa zambarau, na pembeni kuna safu ya «atokako» ambayo hatukuwahi kuijali: Kasulu, Kibondo, Nzega, Kasulu tena, na wawili tu wa Urambo. Mbele ya majina manne pameandikwa «tumbaku», mbele ya moja «reli». Kumbe tulianzishwa na wageni waliofuata kazi. Nimemsomea mzee wetu ukurasa wote. Alinyamaza kidogo, kisha akaomba Southon abaki katika sura ya historia ya mji, nami nimekubali.

Chini ya orodha ile pameandikwa «bwawani», bila kutaja ni bwawa gani. Kati ya wale kumi na mmoja amebaki mama mmoja tu, na Jumamosi tutakwenda kumwomba atuonyeshe.