Samaki wa dhahabu wanahema juu ya maji

Muulizaji: Wakuu, nina samaki wawili, tangi la lita 40. Jana nilimwaga maji yote, nikasugua hadi sponji ya chujio kwa maji ya bomba. Leo wanahemea juu. Nimekosea wapi?

Jibu: Sponji ndiyo nyumba ya bakteria wanaovunja amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki; klorini, dawa iliyomo kwenye maji ya bomba, imewamaliza. Badilisha nusu ya maji leo, utie dawa ya kuondoa klorini kwanza. Usiwalishe kwa siku mbili. Sponji suuza kwa maji ya tangi lenyewe. Mimi niliua watatu kwa usafi huohuo.

Jibu: Tangi nalo dogo. Hao hufika sentimita 20, na wanakunya kama bata.

Muulizaji: Nimepima maji, amonia imesoma 2, nyingi mno! Nimebadilisha nusu. Chakula nimemficha mwanangu, ndiye mlishaji mkuu.