Mjadala: Rangi ya nguo ikitoweka mtoni, imeoza?

Hoja iliyoletwa ni kwamba viwanda vya nguo na watia rangi nguo wadogo wa Nairobi wasilazimishwe kusafisha maji yao kabla ya kuyamwaga, eti kwa sababu maji mekundu yanayoingia Mto Ngong pale Eneo la Viwanda huwa yameshafifia yakifika mbele ya mtaa wa Mukuru. Naipinga, kwa kuwa kufifia si kuoza.

Rangi hizi zilitengenezwa makusudi zisichuje, zistahimili jua, sabuni na jasho, na uimara huohuo tunaoulipia dukani ndio unaovishinda vijidudu vya mtoni kuziozesha kabisa. Tena si rangi yote inayoshika uzi. Aliyewahi kuloweka sweta mpya ya shule, ile ya damu ya mzee, ameona beseni likiwa jekundu maji ya kwanza, ya pili, pengine hata ya tatu (na chumvi yetu ya mazoea haikuzuia lolote). Hayo ni masazo tu. Nyingine ilikwisha kumwagwa kiwandani.

Kundi kubwa zaidi la rangi hizo ni azo, ambazo molekuli zake zimeshikanishwa na atomi mbili za nitrojeni. Katika tope lisilo na oksijeni, bakteria hukikata kiungo hicho na rangi ikapotea machoni, lakini vipande vinavyosalia ni amini za aromatiki (kemikali zenye nitrojeni iliyoshikana na pete ya kaboni), na baadhi yake, kama benzidini, husababisha saratani. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya, mwaka wa 2002, ulipiga marufuku nguo zenye rangi za azo zinazoweza kutoa amini za namna hiyo. Vingi kati ya vipande hivyo huhitaji oksijeni ili viozeshwe, nao mto uliojaa majitaka hauna oksijeni ya kutosha.

Nakubali kwamba fundi wa batiki mwenye sufuria mbili hawezi kununua mtambo wa kusafisha maji. Huyo ahudumiwe na mabwawa ya majitaka kama yale ya Ruai, ambako tope lisilo na hewa hutangulia na maji ya kina kifupi yenye oksijeni hufuata, mradi maji yake yapite kwenye bomba la majitaka, si mtaroni. Kiwanda kikubwa hakina udhuru huo.

Aliyetoa hoja atueleze: maji hayo ya Mukuru yalipimwa kitu gani, au yalitazamwa tu kutoka darajani?