Madirisha ya nyumba za zamani Inman Park, Atlanta: kung'oa au kutengeneza?

Swali (kutoka Clarkston)

Habari za jioni wanajumuiya. Tunaangalia nyumba ya mbao Inman Park, ya miaka ya 1890. Madirisha mengi hayafunguki, na fundi anashauri tung'oe yote tuweke ya plastiki. Inaruhusiwa? Na kingine cha kujiandaa nacho ni kipi?

Jibu 1

Dada, usitie sahihi kwanza. Mtaa ule aliupanga mfanyabiashara Joel Hurt, tramu ya umeme ikafika 1889, na tangu 1973 umo kwenye rejesta ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Rejesta yenyewe haikuzuii kufanya kazi kwa fedha zako; kinachobana ni kanuni za jiji. Kazi ya nje inayoonekana kutoka barabarani hupitia Atlanta Urban Design Commission, tume ya jiji inayosimamia majengo ya kihistoria, kabla ya kibali cha ujenzi. Dirisha la asili hubaki, na hubadilishwa tu likishindikana kutengenezwa.

Na mengi yanatengenezeka. Dirisha la aina ile lina vipande viwili vya kupandisha na kushusha. Kila kipande hushikwa na kamba mbili zinazopita kwenye kapi, na vyuma vya uzito vimefichwa ndani ya fremu. Lisipofunguka, mara nyingi rangi imeligandisha au kamba imekatika. Kata mshono wa rangi kwa kisu chembamba, ndani na nje. Ng'oa taratibu ule ubao mwembamba wa pembeni, maana utaurudisha, kisha toa kipande cha chini. Ubavuni mwa fremu, karibu na chini, kuna kijimlango, mara nyingi kimefunikwa na rangi. Chuma hutolewa hapo.

Kamba mpya iwe ya pamba iliyosukwa. Ya nailoni huvutika. Ipitishe kwenye kapi kwa uzi uliofungwa msumari mdogo, kisha pima: dirisha likiwa juu kabisa, chuma kisiguse chini. Kikigusa, kamba hulegea na dirisha halikai juu.

Kwenye puti, ule mchanganyiko laini wa kushikiza kioo kwenye mbao, ndipo mafundi wengi huharibu. Mbao kavu ya miaka mia hufyonza mafuta ya puti, na puti hupasuka mapema. Paka kwanza praima ya mafuta, yaani rangi ya msingi. Acha puti ishike ngozi, wiki moja hadi mbili, ndipo upake rangi, nayo ipande kwenye kioo kama milimita 2 ili mvua isipenye.

Jibu 2

Naongezea, tafadhali lisipuuzwe: risasi, yaani lead, madini yenye sumu yaliyotiwa kwenye rangi za zamani. Nyumba ya kabla ya 1978 ihesabiwe ina rangi ya risasi mpaka ipimwe. Dirisha ni pabaya zaidi, kwa kuwa kila likipanda na kushuka husaga rangi kuwa vumbi, linalotua kizingitini, pale mtoto anaposhika akichungulia nje. Usikwangue pakavu wala kuchoma rangi kwa moto. Lowesha kwa maji ya kupuliza, tandika nailoni sakafuni futi 6 kuzunguka eneo la kazi, fyonza vumbi kwa mashine yenye chujio la HEPA, linalonasa vumbi laini sana, halafu futa kwa kitambaa kibichi. Watoto na wajawazito wakae mbali mpaka usafi uishe. Fundi wa kulipwa anatakiwa na sheria awe na cheti cha kazi hii, ambacho hapa Georgia hutolewa na idara ya mazingira ya jimbo (EPD), mwombe akionyeshe.

Jibu 3

Mengine, dada. Nafuu ya kodi ya nyumba unayoishi haiji yenyewe: uwe mmiliki na mkazi Januari 1, na maombi yafike kaunti ya Fulton kabla ya Aprili 1 kupita. Kagua darini kama kuna nyaya za kale zilizoshikiliwa na vikombe vya kauri, kwani kampuni nyingi za bima huzikataa. Wikiendi ya tamasha la mtaa, mwishoni mwa Aprili, barabara hufungwa. Usipange kuhamia siku hizo.

Mchwa nao: muulize muuzaji mkataba wa mchwa, usome kama unalipia kutengeneza mbao zilizoliwa au kupuliza dawa tu. Mikataba hiyo miwili hufanana kwa sura, na wa dawa tu hukuachia wewe gharama ya nguzo na mihimili.

Swali tena

Asanteni sana. Kizingiti kimoja kimelainika chini. Nacho kinatengenezeka?

Jibu 1

Choma kwa bisibisi. Ikizama sentimita moja tu, kata sehemu iliyooza, unga kipande cha mbao ngumu kwa gundi ya epoksi, na mteremko wa nje uurudishe kama ulivyokuwa. Kizingiti bapa hutuama maji, kitaoza tena.